Pipa la Speciose

Wakimbizi waliporudi kwao na mashirika yakafunga maghala, hapa Nyabiyonza kila aliyewahi kufanya kazi kambini alibaki na ukumbusho wake. Huyu alibaki na buti, yule na turubai, mwingine na Kiingereza cha kuhesabia magunia. Apolinary alibaki na kidude.

Kidude chenyewe kilikuwa chembamba, kinaingia mfuko wa shati, kinafunguka kama kitabu cha sala. Upande mmoja vitufe vidogo kama punje za ulezi, upande wa pili kioo cha kijivu kinachoandika maneno. Bosi wake wa ghala alimwachia siku ya kuagana. Ukikitajia kazi zako kinazipanga. Wakati wa kazi ukifika kinalia pi-pi-pi. Ukiimaliza unabonyeza, kinaitia alama, basi, kazi imehesabika. Wanywaji wa pale senta walikiita kompyuta. Eustadia, shemeji yake, alikiita kidude, na yapo majina mengine aliyokiita ambayo si ya kutajwa mbele ya watoto.

Eustadia alikuwa mjane wa Evaristi, kaka mkubwa wa Apolinary. Mwaka huo alikuwa anamwoza Kokushubira, binti yake wa kwanza, kwa kijana Placidius wa Bugomora. Kijana mwenyewe hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa wazee wake. Watu wa ule ukoo, kama ulivyovuma umbea toka mnadani mpaka kanisani, wakija kuchukua binti hawatazami kama nyumba ni ya bati au ya nyasi. Wanatazama uwanja. Uwanja ukifurika, binti ana watu, na mume akitaka kuinua mkono atawakumbuka. Uwanja ukiwa mtupu, binti ni wa kuokota, na atatumwa kisimani mpaka na wifi zake wadogo.

Kwa hiyo Eustadia hakutaka keki, hakutaka gari lenye maua. Alitaka uwanja ufurike. Na kwa nini usifurike? Hakuna harusi ya kitongoji kile ambayo hakuikesha, hakuna msiba ambao hakuumenyea ndizi. Nyumba yake hata siku ya kawaida haikukosa watu watatu wanaotafuna kahawa na kusema watu.

Taabu ilianza siku ya kikao, sebuleni kwake. Apolinary alikaa kiti cha marehemu, akakifungua kidude.

"Tuanze. Kazi ni zipi?"

"Kazi ya harusi," Eustadia akajibu.

"Hiyo si kazi, shemeji, huo ni mradi. Mradi una kazi ndani yake. Zitaje moja moja."

"Si kuchota maji, kuni, kumenya ndizi... Kazi ambazo hata mbuzi wa hapa anazijua!"

"Mbuzi hayumo humu. Maji. Nani?"

"Nani nini?"

"Nani anachota?"

Eustadia akamtazama Anonciata, mke wa Apolinary, kama kumwuliza huyu mtu wako anaumwa. Anonciata akaangalia dari.

"Watu," Eustadia akasema.

"Watu ni nani? Hapa pana nafasi ya jina moja."

"Shemeji, maji hayana mwenyewe. Kila anayekuja anakuja na ndoo yake kichwani, anamimina, anakaa. Ndivyo ilivyo tangu bibi zetu."

"Na kitu kisicho na mwenyewe huliwa na kunguru," Apolinary akasema, na hapo sauti yake ikapungua maringo. "Umesahau matanga ya kaka? Tulichinja ng'ombe mzima. Wageni wa kutoka Kihanga walikula mifupa. Nyama ilikwenda wapi? Niliona haya mpaka leo sijapita Kihanga mchana. Kila mtu alikuwa jikoni, ndiyo maana jikoni hapakuwa na mtu."

Nyama Eustadia alijua ilikokwenda. Kapu moja alilifunika kwa majani ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe, likatokea mlango wa nyuma kwenda kwa watoto wa jirani. Tena, shemeji aliyekusimamia mahari ya binti yako, akabishana na wazee wa Bugomora mpaka koo likamkauka, utamwambiaje afunge mdomo?

Basi maji yakaandikwa Speciose, kuni Fidele, kumenya na kupika Anonciata, rubisi, ile pombe ya ndizi, Rwegasira. Kila mtu jina lake, kazi yake, na saa yake, ili jikoni kusijae midomo kabla ya wageni. Apolinary akapanda baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba akiwasomea watu kutoka kwenye kioo. Kila akitoka kwa mtu, anabonyeza.

"Maji imekwisha," alimwambia Eustadia jioni ile, amefurahi kama aliyechimba kisima.

"Imekwishaje? Pipa si lile pale, kavu!"

"Nimeshamwambia Speciose, amekubali. Kazi imetoka kwangu, imeingia kwake. Naitia alama."

"Kwa hiyo tutapikia alama."

"Shemeji, wewe pumzika. Hii ni mipango ya kisasa."

Kupumzika! Maneno yalikuwa yameanza kutembea, na Eustadia alikuwa mtu wa kusikia maneno. Speciose, aliyekuwa akitania hata wakati wa kupokea komunyo, alisema njiani kwa sauti ya kusikika: "Nimepangiwa saa tatu. Nisije kabla, nisije baada. Nikajiuliza, naenda harusini au naenda kung'olewa jino?" Mama mwingine alisema tangu azaliwe hajawahi kuambiwa muda wa kuingia kwa Mama Koku, labda binti akiolewa Bugomora nyumba inapata bawabu.

Lakini aliyemchoma zaidi ni Mukantabana. Mukantabana aliletwa mgongoni kutoka Rwanda, kwenye ule mwaka wa moto, zamani kabla ya kambi hizi, akakulia hapa, akaolewa hapa, na kibanja chake na cha Eustadia vilitenganishwa na mstari wa miramula tu, ile mimea ya mpakani. Ndiye aliyepokea lile kapu la nyama. Na kwa kupikia halaiki, hapakuwa na wa kumfikia: sufuria mbili za parokia, ndizi laini juu mpaka chini. Eustadia alimkuta pale mpakani anapalilia mahali pasipo na gugu hata moja.

"Mama Koku, nasikia mnaoza binti."

"Muka, usinianze."

"Sianzi, waitu, jirani yangu. Nauliza tu, maana mimi kwenye kompyuta simo. Nasikia waliomo wanapigiwa kengele."

"Wewe tangu lini ukaitwa kwangu? Si unakujaga tu?"

"Ndiyo hapo sasa. Zamani hapakuwa na wa kuitwa, ndiyo maana nilikuja. Siku hizi watu wanaitwa. Mtu asiyeitwa penye walioitwa, akienda anaitwa nani?" Akang'oa jani la mmumunye wake mwenyewe kwa hasira. "Mwenye njaa. Ndivyo anavyoitwa."

Eustadia akatoka pale mbio mpaka kwa shemeji yake. "Mwingize Mukantabana humo ndani."

"Nimpe kazi gani? Kupika amepewa Anonciata."

"Kazi ya kuwepo!"

"Kuwepo si kazi, shemeji. Nikiandika kuwepo, nitaitia alama saa ngapi?"

Eustadia alitamani kukichukua kile kidude akitie kwenye shimo la kuivishia ndizi, kifukizwe pamoja nazo.

Siku ikafika. Jogoo wa kwanza aliwika, Eustadia akatoka nje na khanga mpya, akasimama mlangoni. Ile ndiyo saa ambayo uwanja wa harusi huwa umeshajaa: wanawake wamekaa juu ya majani ya migomba, visu vinakwenda, midomo inakwenda kuliko visu, mtu anapitisha kahawa za kutafuna. Aliona maturubai mawili ya kambini yamefungwa vizuri, mabenchi ya kanisa yamepangwa mistari, na kuku mmoja anatembea kati ya mistari kama mkaguzi.

Fidele alileta kuni asubuhi, mzigo wa nguvu, akaupanga, akajifuta jasho.

"Shikamoo, Mama Koku. Kuni hizo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, uchukue na ndoo ile ukamsaidie..."

"Maji ni ya Speciose," Fidele akasema kwa adabu kabisa. "Nisije nikaonekana nimemdharau." Akaondoka.

Ndivyo walivyokuwa wote. Huku kwetu kazi ikishatajwa kwa jina la mtu ni kama shamba lake. Hupiti katikati bila hodi. Anonciata akaja saa yake, akamenya ndizi zikawa mlima, mikono imejaa utomvu mweusi, akangoja maji ya kuziosha. Binamu wawili wakaja kufunga maua mlangoni, wakalipita lile pipa mara kwa mara, wakalichungulia, wakasema kwa huruma, "Speciose amechelewa leo," kisha wakamaliza maua wakaenda zao. Pipa la bluu lilikaa pale katikati ya uwanja kama mgeni asiyeamkiwa. Hakuna aliyelitia hata kata moja.

Naye Speciose? Mtoto wake aliamka na homa, akambeba kwenda zahanati. Alimwambia mtu amwambie mtu.

"Apolinary!" Eustadia aliita, na siku hiyo neno shemeji lilimponyoka. "Maji hakuna!"

Apolinary alitoka amevaa suti ya kahawia, tai imemkaba. Akafungua kidude. "Maji ina alama."

"Tazama pipa!"

"Ina alama tangu juzi, shemeji. Ngoja... Rubisi nayo ina alama."

"Iko wapi?"

"Rwegasira amekamua, imechacha vizuri. Nimeionja."

"Iko wapi, nakuuliza?"

"Iko kwa Rwegasira."

"Na nani anaileta?"

Apolinary akabonyeza, akabonyeza tena, akasogeza kioo kwenye mwanga. Kuikamua kuliandikwa. Kuileta hakukuandikwa. Rwegasira, ambaye pia ni mwenyekiti wa kitongoji na mtu wa taratibu, alikuwa kwake, madumu yamefungwa kwa majani ya migomba, anangoja wa kuyafuata.

Kabla Eustadia hajafungua kinywa, honi ikalia barabarani. Wakwe wamefika. Walikuja mapema, kama ilivyo tabia ya watu wanaokuja kuhesabu.

Lori likamwaga watu, nyimbo zikaingia uwanjani, kisha zikapungua moja moja, kama mvua iliyokosea kijiji. Walioshuka walikuwa wengi kuliko wenyeji. Mzee Telesfori, msemaji wao, mrefu, fimbo mkononi, akasimama chini ya turubai akatazama mabenchi. Akamtazama kuku.

"Hodi hapa," akasema. "Ama tumekosea nyumba?"

"Karibuni, karibuni sana," Apolinary akajibu, jasho linamtoka puani. "Ratiba yetu ilikuwa inawaonyesha saa sita."

"Ratiba ilituona, wenyeji je?"

Wakakaa. Hapakuwa na rubisi ya kuwapa, hapakuwa na maji ya kunawa. Apolinary akawapitishia kahawa za kutafuna kwenye kisahani kimoja, akizunguka peke yake. Shangazi wa bwana harusi, Immaculata, mwanamke wa sauti ya chini inayofika mbali, akamwinamia mwenzake: "Maskini. Mjane hana watu."

Neno lile lilipita dirishani. Kokushubira, aliyekuwa chumbani amefunikwa shuka ya bibi harusi, alilisikia. Eustadia alimkuta amekaa kitandani, shuka ameishusha mabegani, machozi yameshachora mistari kwenye poda.

"Ma, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ndivyo watakavyoniita. Hata nikizaa watoto kumi. Asiye na watu."

Eustadia alitoka mlango wa nyuma, akapita kwenye mlima wa ndizi uliokuwa umeanza kuwa mweusi, akampita Anonciata aliyekaa na mikono yake ya utomvu, akaingia kibanjani mpaka kwenye kichuguu kilichoinuka juu ya migomba. Akapanda. Akaikaza khanga kiunoni.

Sasa, nduru si vigelegele. Huku nduru hupigwa kwa moto, kwa mwizi, au kwa mtu aliyekata roho. Ukiisikia unaacha kijiko kinywani unakimbia, maana asiyekimbilia wenzake, siku yake atalia na migomba. Na anayeipiga bure hutozwa beberu na rubisi ya kitongoji kizima, awe mjane, awe katekista. Eustadia aliyajua yote hayo. Alikuwa ameshakunywa faini za wengine.

Akaweka kiganja mdomoni, akaipiga.

Iliteremka bondeni, ikapanda upande wa pili. Akaipiga tena. Chini ya turubai wageni wakasimama wote. Mzee Telesfori akaishika fimbo yake kama mkuki.

Wa kwanza kuonekana alikuwa Mukantabana, amevunja mstari wa miramula badala ya kuuzunguka, jembe juu, kilemba kimebaki kwenye mti. Nyuma yake Fidele na panga. Kisha Rwegasira na mkuki wa babu yake, na vijana wake wanne na marungu. Kisha wanawake na michi, wazee na magongo, wale binamu wa maua, mtu mmoja ana povu la sabuni shavu moja. Walitoka kila njia ya kibanja, wakamiminika uwanjani wakihema, wakaujaza, wakafurika mpaka nyuma ya lori.

"Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?" Rwegasira akanguruma.

Eustadia alishateremka. Alisimama kando ya pipa, akalipiga teke. Likalia tuu, tupu.

"Hakuna mwizi," akasema. "Kuna wakwe zangu wale pale, kuna pipa hili hapa. Rubisi yangu imelala kwako, mwenyekiti, na ndizi zangu zinakufa mchana. Mmesema maji ni ya Speciose. Sawa. Na Koku ni wa nani? Naye ni wa kwangu peke yangu? Nitozeni. Lakini mnitoze mkiwa mmeshachota."

Mukantabana akashusha jembe taratibu.

"Wewe mwanamke," akasema, bado anatweta, "nimeacha maharage motoni. Nilidhani umekufa. Nimekimbia nakulilia njia nzima, kumbe uko hai na una kiburi hivyo!" Akageuka. "Nyie mnatazama nini? Ndoo ziko wapi? Anonciata, sogea hapo, sufuria kubwa iko wapi? Mnaniwekea ndizi juani kama mbegu!"

Basi. Nani wa kueleza kilichofuata? Vijana wa Rwegasira wakaondoka mbio wakarudi na madumu. Mapanga yaliyokuja kuua mwizi yakakata majani ya migomba ya kufunikia sufuria. Njia ya bondeni ikawa mstari wa ndoo zinazopanda na ndoo zinazoteremka, na huko kati, suti ya kahawia. Apolinary alikuwa na dumu begani, maji yanamwagikia tai, viatu vya ngozi vimejaa tope. Alipofika nusu ya mlima kidude kikaanza kulia mfukoni, pi-pi-pi, pi-pi-pi, naye mikono yote miwili imeshika dumu.

"Baba mdogo, kompyuta inakuita!" mwanamke mmoja akamkejeli.

"Iambie nimetoka," akajibu. Na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile ipangwe, Eustadia akamcheka kwa upendo.

Rubisi ilipozunguka, nyimbo zikarudi. Ndizi zilichelewa, lakini nani alijali? Mukantabana alishaanza kuwasimulia wageni jinsi alivyokimbia msiba akakuta harusi, na kila akisimulia, jembe lilizidi kuwa refu. Jua lilikuwa limeshainama wageni walipokula, wakala wakashiba, nyama ikatosha na mifupa ikabaki kuwa mifupa.

Mzee Telesfori akainuka kusema, fimbo ameiegemea. Alitazama uwanja, mwanzo mpaka mwisho, kisha akawageukia watu wake, akamtafuta Immaculata kwa macho.

"Tumepewa binti," akasema. "Mimi nina neno moja tu kwenu, hasa kwa wewe Placidius. Huko nyumbani msimpandishie sauti. Mmeona mama yake alivyopandisha ya kwake."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kokushubira akatolewa nje chini ya shuka yake, kundi limemzunguka mpaka hakuonekana hata unyayo, na hivyo ndivyo alivyopandishwa garini: hakuonekana, kwa wingi wa watu wake.

Lori lilipopotea kwenye kona, Rwegasira akakohoa kikohozi cha mwenyekiti.

"Mama Koku. Taratibu ni taratibu. Beberu na rubisi."

"Si nimesema mnitoze? Lete tu."

Speciose naye alikuwa ameshafika na mtoto wake mgongoni, homa imepoa, anadai kupikiwa upya kwa kuwa pipa ni lake na watu wamelichezea bila idhini. Apolinary akavuta benchi, amelowa mpaka magotini. Kwa mazoea akakitoa kidude, akakifuta kwa shati.

"Faini ya shemeji," akasema akibonyeza. "Niiandike kwa jina la nani?"

"Andika ya sisi wote tulioitika," Mukantabana akasema. "Beberu nitatoa mimi. Yeye alishanipa nyama siku moja."

Apolinary akainua kichwa. "Nyama gani?"

Eustadia na Mukantabana wakatazamana. Kidude kikalia pi-pi-pi.

"Shemeji," Eustadia akasema upesi, "itikia kidude chako."